Pazia la Arusha na kesi ya Warohingya



Bibi harusi akiingia dukani kwetu tunamuuliza mambo matatu kabla hatujachukua vipimo: siku ya harusi, rangi ya sare za upande wake, na kama nguo ataivaa mchana au usiku. Kama ana kibali cha kuolewa hatumuulizi. Kwetu ndoa ni wali, mashahidi wawili, mahari na sheikh wa kuozesha. Cheti kinafuata. Hakuna askari anayekaa mlangoni kuamua nani aolewe mwaka huu na nani asubiri.

Wako Waislamu wenzetu ambao kwao kibali ndicho kilichotangulia kila kitu. Warohingya wa kaskazini mwa jimbo la Rakhine, nchini Myanmar, ambayo zamani tukiiita Burma, tangu miaka ya 1990 walilazimishwa kuomba ruhusa kwa maafisa wa mpakani kabla ya kufunga ndoa. Ruhusa ililipiwa, na rushwa juu yake, na wengine waliisubiri kwa miaka. Waliooana kimyakimya kwa nikah yao ya halali waliweza kufungwa. Kuanzia 2005 likaongezwa sharti la kutozaa zaidi ya watoto wawili. Mama mwenye mimba ya tatu alikuwa akiificha kama mtu anayeficha mali ya wizi.

Habari hii tulianza kuifuatilia kwa sababu ya maneno yaliyosemwa dukani. Mama mmoja alikuja kujaribisha gauni la binti yake, na kwenye simu yake akatuonyesha picha za kambi ya wakimbizi, mahema yamepanda vilima mpaka macho yanachoka. Akasema Waislamu hawana mtetezi duniani, na hizo mahakama za kimataifa ni za wakubwa wakizitumia kwa wadogo. Hatukumjibu. Kusema kweli na sisi tulikuwa tukiamini hivyo hivyo. Lakini maneno yale yalitukaa, na usiku baada ya kufunga duka tukawa tunasoma kidogo kidogo, mpaka tukagundua kwamba mtetezi alikuwepo, na kwamba kazi hiyo alijifunzia Arusha, safari ya siku moja tu kutoka kwetu.

Kabla hatujafika Arusha, dada zetu, turudi kwanza kwenye kisa ambacho sote tumefundishwa chuoni. Waislamu wa mwanzo wa Makka walikuwa wachache, na wachache wale walipigwa, wakaungua juani, wakanyimwa chakula. Mtume s.a.w. akawaelekeza Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo asiyedhulumiwa mtu kwake. Makureshi wakatuma wajumbe wawili, Amr bin al-As na Abdullah bin Abi Rabia, na zawadi za ngozi kwa mfalme na kwa wakubwa wake, ili wakimbizi warudishwe. Aliyetusimulia kisa hiki ni mwanamke aliyekuwemo, Bi Umm Salama r.a. Wakubwa wa baraza walikuwa tayari kuwatoa wakimbizi bila hata kuwasikiliza. Najashi akakataa. Akasema hawezi kuwatoa watu waliokuja kuomba hifadhi kwake kabla hajawasikia wenyewe. Jaafar bin Abi Talib akasimama akaeleza, akasoma mwanzo wa Suratu Maryam, na zawadi zikarudishwa kwa wenyewe.

Mabibi harusi wanaijua zaidi sehemu ya pili ya kisa. Bi Umm Habiba r.a., binti wa Abu Sufyan, alibaki peke yake huko ugenini. Mtume s.a.w. akamposa kwa kupitia Najashi, na Najashi ndiye aliyetoa mahari kutoka mfukoni mwake, dinari 400 kwa mapokezi yanayojulikana zaidi. Wanavyuoni wa sira wanasimulia pia kwamba wake wa mfalme walimpelekea bibi harusi manukato yao. Kwenye semina za ndoa tunakitumia kisa hiki kufundisha adabu ya mahari. Ni mara chache tunasema kwamba ile ilikuwa harusi ya mkimbizi, na kwamba walinzi wake hawakuwa watu wa dini yake.

Tuseme jingine hapo hapo, maana hatupendi kulificha. Hapa visiwani sisi ndio wengi. Kisa cha Najashi tunakisoma tukijiweka upande wa Jaafar siku zote, na mara chache tunajiuliza tungefanya nini kama tungekaa upande wa kiti cha mfalme, na mlangoni wamesimama watu wachache wasiosali kama sisi.

Sasa Rakhine. Zamani eneo hilo likiitwa Arakan, ufalme wa pwani ya Ghuba ya Bengali, na Waislamu wameishi humo kwa karne nyingi pamoja na Mabudha. Burma iliuteka ufalme huo mwishoni mwa karne ya 18, kisha Waingereza wakaja, kisha uhuru ukapatikana 1948. Jeshi lilipochukua nchi 1962 likaanza kuwahesabu Warohingya kuwa wageni kutoka Bengali. Mwaka 1978 operesheni ya kijeshi iliwafukuza zaidi ya laki mbili kwenda Bangladesh. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya uraia iliyowatambua watu wa makabila yaliyoorodheshwa, na Warohingya hawamo. Mtu akazaliwa, babu yake alizaliwa hapo hapo, na bado si raia wa popote. Wakafukuzwa tena 1991 na 1992, kiasi cha laki mbili na nusu. Mwaka 2012 kukazuka ghasia, na watu kiasi cha 140,000, wengi wao Warohingya, wakahamishiwa kambini wasiruhusiwe kutoka. Ukiisoma orodha hii polepole utaona kwamba mauaji hayakuja kwa ghafla. Yalianza na karatasi: cheti cha uraia, kibali cha ndoa, kibali cha kusafiri kijiji cha pili. Wanaume wenye bunduki walikuja mwisho.

Tarehe 25 Agosti 2017 kikundi cha Warohingya wenye silaha kilishambulia vituo vya polisi kiasi cha 30 na kuua askari. Hilo ni kweli na hatulitetei. Jibu la jeshi likaangukia watu wote, wenye kosa na wasio na kosa. Vijiji vilichomwa kimoja baada ya kingine. Katika kijiji cha Tula Toli, tarehe 30 Agosti, watu walizingirwa ukingoni mwa mto, wanaume wakauawa mbele ya wake zao, kisha wanawake wakaingizwa majumbani. Yaliyowapata humo ndani hatutayaandika hapa. Walionusurika wameyasema wenyewe mbele ya wachunguzi wa Umoja wa Mataifa. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikadiria kwamba kwa mwezi wa kwanza tu watu wasiopungua 6,700 walikufa kwa kuuawa. Zaidi ya watu 700,000 walivuka kwenda Bangladesh, wengi kwa miguu, wengi wakiwa wanawake na watoto. Waliowapa chakula cha mwanzo walikuwa wanakijiji wa upande wa pili, watu maskini wenyewe, kabla gari la shirika lolote halijafika. Hayo pia yaandikwe.

Na dunia je? Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikutana, likazungumza, likatoa tamko mwezi Novemba. Hatua zenye meno hazikupita kwa sababu China na Urusi, wenye kura ya turufu, hawakuzitaka. Baraza la Haki za Binadamu lilikuwa limeunda tume ya uchunguzi chini ya Marzuki Darusman wa Indonesia. Myanmar ikainyima viza, ikabidi ikusanye ushahidi kutoka nje, kwa mamia ya mahojiano na picha za setilaiti. Mwaka 2018 tume hiyo ikasema wazi kwamba wakuu wa jeshi, akiwemo Min Aung Hlaing, wachunguzwe na kushtakiwa kwa mauaji ya kimbari. Ripoti ikawekwa mezani, ikabaki hapo.

Yule mama wa dukani angesema: si nilikwambieni?

Ila mwezi Mei 2018, kabla hata ripoti ile haijatoka, mawaziri wa Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu walikutana Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Waziri wa mambo ya nje wa Gambia hakuweza kwenda. Badala yake akaenda waziri wa sheria, Abubacarr Tambadou. Gambia ni nchi ndogo ya watu wapatao milioni mbili, ukanda mwembamba kandokando ya mto, na ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye utawala wa Yahya Jammeh uliodumu miaka 22. Haina jeshi la kumtisha mtu wala mafuta ya kumnyima mtu. Wajumbe wa mkutano walipelekwa kambini Cox's Bazar wakawasikilize wakimbizi. Wengine walisikia msiba. Tambadou alisikia kitu anachokijua, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, Arusha. Baadaye alieleza kwamba masimulizi ya kambini yalimrudisha moja kwa moja kwenye yale aliyokuwa akiyasikia kutoka kwa Wanyarwanda.

Wengi wetu tuliopo kwenye thelathini tulikuwa watoto wadogo 1994. Tunakumbuka redio na nyuso za wazee. Kwa siku kama 100, kuanzia Aprili mwaka huo, Watutsi na Wahutu waliokataa kuua waliuawa Rwanda, watu laki nane au zaidi. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuwepo nchini humo kiasi cha 2,500. Badala ya kuongezwa, Baraza la Usalama liliamua tarehe 21 Aprili wapunguzwe wabaki kama 270. Wiki hiyo hiyo watu walikuwa wakichinjwa makanisani. Mwisho wa Aprili wakimbizi kiasi cha laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, kwa siku moja na kitu tu. Ushirikiano wa kimataifa wa kulinda ulishindwa kabisa. Uliokuja baadaye ulikuwa wa kuhukumu: Novemba 1994 mahakama ikaundwa, na 1995 ikaamuliwa ikae Arusha, kwenye jumba la mikutano la AICC.

Kesi moja ya pale kila mwanamke angepaswa kuijua. Mshtakiwa alikuwa Jean-Paul Akayesu, mwalimu wa zamani aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba. Kesi ilianza Januari 1997. Katika hati ya mashtaka kulikuwa na mauaji na mateso, lakini ubakaji haukuwemo hata kwa neno moja. Wachunguzi hawakuwa wameuliza, au waliuliza vibaya. Na ni nani atakayekaa mbele ya mwanaume mgeni na mkalimani akaanza mwenyewe kusema habari kama hizo?

Kisha akapanda kizimbani mwanamke aliyejulikana kwa herufi J tu. Alikuja kutoa ushahidi wa mauaji. Katikati ya maelezo yake akasema kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa na wanamgambo watatu. Hakuwa ameulizwa. Katika majaji watatu wa kesi ile mwanamke alikuwa mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, binti wa dereva wa basi wa Durban. Majaji hawakuliacha neno lile lipite. Wakauliza zaidi. Miezi miwili baadaye akaja shahidi H, akasema yaliyompata yeye mwenyewe. Mwendesha mashtaka akaomba muda wa kuchunguza upya, na Juni 1997 hati ya mashtaka ikabadilishwa, ubakaji ukaingizwa. Wakaja wengine, akiwemo shahidi JJ. Wanawake hawa walikuwa wamekimbilia uani mwa ofisi ya Akayesu kwa sababu ilikuwa ofisi ya serikali, wakidhani hapo ndipo pa salama.

Walitoa ushahidi nyuma ya pazia. Watu wa ukumbini hawakuwaona. Majaji waliwaona, na mshtakiwa pia aliwaona. Sisi tunashona mapazia, ya sitting room na ya ukumbi wa harusi, na tunajua pazia ni kitambaa tu, mita chache na pete za kutundikia. Siku tuliyosoma habari hii tulikaa kimya dukani kwa muda. Kwetu sitara ya mwanamke huhesabiwa ni kumnyamazisha. Pale sitara ndiyo iliyomwezesha kusema.

Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ilikuwa mara ya kwanza duniani mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo. Majaji wakasema pia kwamba ubakaji, ukifanywa kwa nia ya kuliangamiza kundi la watu, ni tendo la mauaji ya kimbari. Kabla ya hapo ulikuwa ukihesabiwa karibu kama ngawira, jambo linalofuatana na vita kama vumbi linavyofuata gari. Mwezi uliofuata akahukumiwa kifungo cha maisha. Hukumu hiyo ilisomwa Tanzania, na sisi tumemaliza skuli bila mtu kututajia. Labda mwalimu wetu naye hakutajiwa.

Turudi kwa Tambadou, maana sasa tunajua alikuwa na nini kichwani alipokuwa kambini. Alijua maneno ya wanawake wale yanaweza kuwa ushahidi. Alijua pia upo mkataba. Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu Kosa la Mauaji ya Kimbari ulipitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 9 Desemba 1948, baada ya yaliyowapata Mayahudi wa Ulaya. Myanmar iliuridhia 1956 na Gambia ikajiunga 1978. Kifungu cha 9 kinasema nchi wanachama zikibishana juu ya mkataba huo, mojawapo inaweza kulipeleka shauri kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, Uholanzi. Mahakama hii haimfungi mtu. Inaamua kati ya nchi na nchi.

Kwa nini Bangladesh, yenye mzigo wa wakimbizi, isiende yenyewe? Kwa sababu ilipojiunga na mkataba iliweka sharti juu ya kifungu hicho hicho cha 9, kwamba bila ridhaa yake shauri haliendi. Mlango ilioufunga ili isishtakiwe ndio uliowapa mawakili wa Myanmar hoja ya kusema haiwezi kushtaki. Nani basi ataenda? Nchi isiyopakana, isiyo na mzigo wa wakimbizi hao, isiyo na ugomvi wowote na Myanmar. Hoja ya Gambia ilikuwa kwamba mkataba huu ni wa wote, na anayeuvunja anamvunjia kila aliyetia saini. Jumuiya ya Kiislamu ikaiunga mkono. Fedha za mawakili ilibidi wanachama wahimizwe kuzichanga, na hapo tunajizuia kusema mengi, maana baadhi ya wanachama hao wanajenga maghorofa yanayogusa mawingu.

Shauri liliwasilishwa tarehe 11 Novemba 2019. Mwezi uliofuata Myanmar ikamleta kujitetea Aung San Suu Kyi mwenyewe, mwanamke aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani 1991 na ambaye wengi wetu tulikuzwa tukimsifu. Alisema mambo ya Rakhine ni magumu na hayaeleweki kirahisi, na kwamba kama askari walivuka mipaka nchi yake itawahukumu yenyewe. Jina la Warohingya karibu hakulitaja. Ukumbini walikuwemo wakimbizi wachache waliosafirishwa kutoka kambini, wanawake wakiwemo, wakimsikiliza.

Nchi isiyo na raia wake kati ya majaji wa The Hague huruhusiwa kuchagua jaji wa kukaa kwa kesi hiyo tu. Gambia ilimchagua Navanethem Pillay. Ndiye yule yule wa Arusha. Tulipofika hapa katika kusoma, mmoja wetu aliinuka akaenda kutia maji ya chai bila kusema neno, na aliporudi akataka tuisome tena hiyo sehemu kwa sauti.

Tarehe 23 Januari 2020 rais wa mahakama, Abdulqawi Ahmed Yusuf, Msomali, alisoma amri. Myanmar izuie mauaji ya kimbari dhidi ya Warohingya. Ihakikishe jeshi lake na vikundi vinavyolifuata hawafanyi matendo hayo. Isiharibu ushahidi. Na ipeleke taarifa baada ya miezi minne, kisha kila miezi sita mpaka kesi iishe. Majaji wote 17 walikubaliana, akiwemo jaji kutoka China na akiwemo yule aliyechaguliwa na Myanmar yenyewe. Kambini Cox's Bazar watu walikusanyika kwenye simu kusikiliza. Kwa miaka 40 serikali yao ilisema hakuna kabila la jina hilo. Siku ile wazee wa The Hague walilitaja, na wakaamuru lilindwe.

Hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yakatengenea. Februari 2021 jeshi lilipindua serikali, na Suu Kyi aliyelitetea likamfunga. Jeshi likashikilia pingamizi la Myanmar kwamba Gambia haihusiki, na tarehe 22 Julai 2022 mahakama ikalitupa, kwa hiyo kanuni ile imesimama: nchi yoyote mwanachama inaweza kusimama kwa ajili ya wanyonge wa nchi nyingine. Mwaka 2023 Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Canada, Denmark na Uholanzi wakaomba kuingia kwenye shauri, na Maldives wakaomba kivyao, watu wa visiwa kama sisi. Lakini mwaka huo huo fedha za misaada zilipungua, na posho ya chakula ya mkimbizi kambini ikashushwa kutoka dola 12 kwa mwezi hadi 8. Dola 8, dada zetu, ni bei ya mtandio wa kawaida wa bibi harusi. Mwaka 2024 vita kati ya jeshi na kikundi cha Arakan Army viliwakuta tena Warohingya wa Buthidaung na Maungdaw, wakachomewa, wakakimbia tena. Vikao vya kusikiliza shauri lenyewe vikapangwa Januari 2026, zaidi ya miaka minane baada ya vijiji kuchomwa. Mtoto aliyezaliwa njiani Agosti ile, kama skuli zingekuwepo, angekuwa darasa la tatu.

Kwa hiyo yule mama hakukosea kabisa. Wakubwa walikuwa na uwezo wa kuzuia, hawakuzuia, Rwanda wala Rakhine. Alikosea kwenye neno moja tu, kwamba mtetezi hayupo. Mtetezi alikuwa nchi ndogo isiyosikilizwa, na kabla yake walikuwepo mashahidi J, H na JJ. Kama wangenyamaza 1997, mwanasheria wa Kigambia angefika kambini miaka 21 baadaye akasikia msiba kama wenzake, akatoa pole, akapanda ndege.

Tambadou aliacha uwaziri 2020. Akateuliwa kuwa msajili wa taasisi iliyorithi kazi zilizobaki za mahakama ya Rwanda, ambayo tawi lake moja lipo Arusha.

Mama wa gauni alirudi Ijumaa kuchukua nguo. Tulimsimulia yote haya huku tukimalizia kushona lulu za mkononi, na akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja: wale wasichana waliozaliwa kambini, sasa wanaolewa kwa karatasi ya nani? Tukamjibu kwamba kambini ndoa husajiliwa kwa afisa wa Bangladesh anayesimamia kambi, ila nchi bado hawana. Akamwangalia binti yake kwenye kioo. Akalipa, na juu yake akaweka shilingi elfu kumi, akasema tuzifikishe kwa mtu anayechangia. Tumezifikisha.